Mistari 25 iliyommeza babu

Kimya kilikuwa kirefu, nilikuwa likizo nyumbani Kibiti. Nimerudi chuo juzi na stori moja ya kompyuta.

Babu yangu anakaa kule delta, Salale. Alikuja kwa boti hadi Nyamisati, kisha gari, kufuatilia malipo yake kwenye ofisi moja hapa mjini. Karani kafungua kompyuta ya zamani yenye Windows XP, dirisha jeusi likatoa orodha ya majina kwa kasi, kisha akasema: "Mzee, humo." Babu akanigeukia, "Mjukuu wangu, nimefutwa?" Jamani, sauti ile!

Jina lake linaanza na A. Nikatazama skrini, orodha inaanzia katikati ya herufi M. Nikajua ni mistari 25.

Sasa hii 25 imetoka wapi? Upana wa herufi 80 ni wa zamani kweli, unatokana na kadi za matundu za IBM za mwaka 1928, zenye safu 80. Kimo kina hesabu yake. IBM PC ilipotoka 1981, kadi yake ya skrini ya maandishi matupu ilikuwa na kumbukumbu ya baiti 4,096. Kila herufi ilikula baiti 2, moja ya herufi yenyewe, nyingine ya jinsi ionekane. Piga 80 mara 25 mara 2, unapata 4,000. Ongeza mstari wa 26 uone, imefurika! Mwaka 1984 EGA ikaleta mistari 43, na 1987 VGA ikafikisha 50, lakini ukiwasha mashine bado ulikutana na 25.

Sisi huku tulichelewa kuyaona hayo. Hazina ilipata kompyuta ya kwanza nchini mwaka 1965, halafu 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza. Zilizokuja kutufikia mtaani baadaye zilikuja na mazoea ya watu wengine, 25 ikiwemo.

Kwenye XP dirisha ni kile unachokiona tu, nyuma yake kuna akiba ya mistari iliyokwisha kupita. Pale ofisini akiba nayo ilikuwa 25, kwa hiyo kilichopanda juu kimekwenda na maji. Nikamwomba karani kibodi (kwa adabu, ofisi si yangu), nikaandika MODE CON LINES=300, tukaita orodha upya. Pembeni pakatokea kile kibao cha kupandisha na kushusha. Nikapandisha mpaka juu kabisa.

Babu alikuwa wa tatu.

Hakusema kitu, alivua kofia akajifuta jasho. Karani akaniomba nimwandikie ile amri, akaibandika kwa selotepu chini ya skrini. Sisi tukakimbilia gari, maana boti haimsubiri mtu.

Haya wadau, nina test saa nane na sijagusa daftari.