Nguvu za Vinu vya Unguja

Kisiwa cha Unguja hakina mkaa wa mawe, wala mto wa kuzungusha gurudumu la kinu, na misitu yake ni michache. Kwa sababu hiyo historia ya viwanda vyake haieleweki vema ikiandikwa kwa hesabu ya mashine na bidhaa tu. Hapana budi kuuliza kwanza nguvu za kuviendesha zilitoka wapi, na gharama yake ilionekana na nani.

Katika Mji Mkongwe mafuta ya ufuta yalikuwa yakishindikwa kwa ngamia. Mnyama alifungwa macho, akazunguka kutwa akizungusha mchi ndani ya kinu kikubwa. Picha za posta za mwanzo wa karne ya 20 zaonyesha kazi hiyo. Neno kinu, ambalo kwanza ni chombo cha kutwangia, lilipanuka likachukua mtambo huo, na baadaye mashine za mvuke na za dizeli. Ngamia akichoka alionekana, na chakula chake kilinunuliwa. Hivyo mwenye kinu hakuhitaji kufundishwa kuwa nguvu zina bei.

Lugha nayo imeweka hesabu ya mabaki. Mashudu ya ufuta, chicha ya nazi, makapi ya miwa, makonyo ya karafuu, makumbi, vifuu: kila kinachobaki kina jina lake, na baadhi yake hurudi motoni. Mbata isiyokaushwa juani hukaushwa juu ya chanja kwa moto wa makumbi na vifuu. Kuni hizo ni za bure, lakini si sawa. Makumbi hutoa moshi mwingi, na moshi huipaka mbata rangi na harufu, hata bei ikashuka. Vifuu vikavu huwaka kwa joto kali na moshi haba. Hali kadhalika katika sukari, kama ile ya Mahonda. Makapi yatokapo kinuni huwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na maji hayo sharti yageuke mvuke kwanza kabla joto halijafaa kitu. Basi anayekamua muwa vizuri hupata sukari zaidi, na papo hapo hupata kuni bora. Faida hii ya pili husahauliwa mara nyingi.

Umeme ulikuja kwa njia nyingine kabisa. Ulianza kama fahari ya kifalme katika Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, wala haukuanza kama mtumishi wa kiwanda. Baadaye mitambo ya dizeli ikaufikisha kwenye karakana. Mwaka 1980 ukatandazwa waya wa baharini kutoka Ras Kiromoni, upande wa bara, hadi Ras Fumba, wenye uwezo wa megawati 45. Tangu hapo nguvu za kiwandani hazikuwa na jivu wala harufu. Kilichoonekana ni hati ya malipo tu. Hata neno nishati, lililotoka katika Kiarabu likiwa na maana ya uchangamfu, lilienea bila kumkumbusha mtu ngamia wala moto.

Waya huo uliharibika Mei 2008, kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Ukaharibika tena Desemba 2009, na safari hii giza likadumu miezi mitatu. Pampu za maji zilisimama pia. Wenye uwezo waliwasha jenereta, na hapo hesabu ya kale ikarudi, sasa kwa mapipa ya mafuta. Jenereta kubwa inayoendesha mashine ndogo hula mafuta kuliko kazi yake inavyostahili. Mashine iliyoachwa ikizunguka bure ilionekana kwa macho katika kina cha pipa. Mwaka 2013 waya wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, ulianza kutumika.