Viongozi wa bendi za dansi za Morogoro

Viongozi wa bendi za dansi za Morogoro ni wanamuziki waliosimamia sanaa katika bendi za Mkoa wa Morogoro, mashariki mwa Tanzania, hasa kati ya miaka ya 1940 na 1970. Wanaojulikana zaidi ni Salum Abdallah na Juma Kilaza wa Cuban Marimba Band, pamoja na Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz Band na baadaye Orchestra Super Volcano. Katika bendi hizi kiongozi alikuwa mtunzi, mwimbaji au mpiga gitaa, na pia msimamizi wa mazoezi. Kwa sababu hiyo maisha ya bendi yalitegemea sana maisha ya mtu mmoja.

Mazingira

Mji wa Morogoro uko chini ya milima ya Uluguru, takriban kilomita 190 magharibi mwa Dar es Salaam. Reli ya Kati, iliyojengwa wakati wa ukoloni wa Wajerumani, ilifika Morogoro mwaka 1907. Kutoka hapo iliendelea kupitia Kilosa kuelekea Dodoma na Tabora, na mwaka 1914 ilifika Kigoma. Katika miaka ya 1960 tawi la reli liliunganisha Kilosa na Mikumi na Kidatu, kwenye mashamba ya miwa ya bonde la Kilombero. Mikumi iko pia kando ya barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Zambia.

Njia hizi zilipita katika eneo la mashamba makubwa ya mkonge, kwa mfano huko Kimamba katika Wilaya ya Kilosa. Mashamba yalikusanya vibarua kutoka makabila mengi. Watu hao walielewana kwa Kiswahili na walipokea mshahara wa fedha taslimu, hivyo waliweza kulipa kiingilio cha dansi. Muziki ulioimbwa kwa Kiswahili, bila kufungwa na ngoma ya kabila moja, ulipata wasikilizaji tayari.

Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi miaka ya 1990. Watu waliufahamu muziki wa dansi kupitia redio, santuri na maonyesho kwenye kumbi. Kwa hiyo bendi iliyotaka jina ilipaswa kusafiri na kuwafuata wasikilizaji wake.

Klabu za jazz

Katika majina ya bendi za Tanzania neno "jazz" halikumaanisha muziki wa Wamarekani weusi unaojulikana kwa jina hilo. Lilimaanisha bendi ya kisasa ya kuchezesha watu. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz Band mwaka 1944. Nyingi za bendi za mwanzo zilikuwa klabu zenye wanachama na kamati, na mara nyingi vyombo vilikuwa mali ya klabu au ya mfadhili, si ya mpigaji.

Baada ya uhuru mwaka 1961 mashirika ya umma yalianza kumiliki bendi zao. NUTA Jazz Band, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ni mfano unaojulikana. Wanamuziki wa bendi za aina hiyo waliajiriwa na kulipwa mshahara. Bendi za mikoani zilitegemea zaidi mapato ya mlangoni na mauzo ya santuri, na mapato hayo yalifuata umaarufu wa kiongozi.

Kazi ya kiongozi

Katika okestra ya simfonia ya Ulaya kondakta husimama mbele ya wapigaji bila chombo, akifuata muziki ulioandikwa na mtunzi mwingine. Kiongozi wa bendi ya dansi alikuwa ndani ya muziki wenyewe. Kwa kawaida alitunga nyimbo, akawafundisha wenzake kwa kusikiliza, akagawa sehemu za magitaa ya solo, ridhimu na besi, na kuamua saksafoni au tarumbeta ziingie wapi. Nyimbo nyingi hazikuandikwa kwa nota. Zilihifadhiwa katika kumbukumbu ya wapigaji, na mwenye kauli ya mwisho alikuwa kiongozi.

Jambo lingine lililotambulisha bendi lilikuwa mtindo wake. Kila bendi kubwa ilikuwa na mtindo wenye jina, ambao mashabiki waliutumia kuitofautisha na wapinzani. Morogoro Jazz ilijulikana kwa mtindo wa Likembe, na Super Volcano kwa mtindo wa Masika.

Salum Abdallah

Salum Abdallah Yazidu, aliyefahamika pia kwa herufi SAY, alizaliwa Morogoro mwaka 1928. Kama vijana wengi wa miji ya Afrika Mashariki wa wakati huo, alivutiwa na santuri za muziki wa Kuba. Mwaka 1948 alianzisha kikundi ambacho baadaye kilijulikana kama Cuban Marimba Band.

Chini ya uongozi wake midundo ya Kuba ilifanywa kuwa ya Kiswahili. Mwendo wa rumba na chacha ulibaki, lakini maneno yalihusu mapenzi, mafumbo ya mtaani na siasa za nchi iliyokuwa inaelekea uhuru. Miongoni mwa nyimbo zake mashuhuri ni "Ngoma Iko Huku" na "Wanawake wa Tanzania". Bendi ilirekodi na santuri zake zikauzwa nje ya Tanganyika pia.

Salum Abdallah alifariki mwaka 1965 katika ajali ya gari, akiwa na umri wa miaka 37.

Juma Kilaza

Kifo cha mwanzilishi hakikuiua Cuban Marimba. Uongozi ulichukuliwa na Juma Kilaza, mwimbaji na mtunzi, na bendi iliendelea kurekodi na kupiga dansi kwa jina lilelile. Kilaza alirithi jina kubwa pamoja na mashabiki waliomkumbuka SAY, kisha akaongeza tungo zake mwenyewe. Mfano wake unaonyesha kwamba bendi iliweza kumpita mwanzilishi wake pale alipopatikana mtunzi mwingine wa kushika nafasi.

Mbaraka Mwinshehe

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa tarehe 27 Juni 1944. Katikati ya miaka ya 1960 alijiunga na Morogoro Jazz Band, na baada ya muda mfupi akawa mpiga gitaa la solo, mwimbaji na mtunzi wake mkuu. Upigaji wake ulimpa jina la "Soloist National". Ushindani kati ya Morogoro Jazz na Cuban Marimba uliufanya mji wa Morogoro kuwa mmoja wa vituo vikubwa vya muziki wa dansi nje ya Dar es Salaam.

Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilikwenda Japani kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya dunia ya Expo 70 mjini Osaka, na Mbaraka alitunga wimbo kuhusu safari hiyo. Tungo zake zilifuata pia habari za nchi. Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Klerruu, alipouawa tarehe 25 Desemba 1971, Mbaraka alimwimbia wimbo wa maombolezo.

Mwaka 1973 aliiacha Morogoro Jazz na kuunda Orchestra Super Volcano. Morogoro Jazz ilipoteza kwa mkupuo mmoja sauti, gitaa na mtunzi, na baada ya hapo ilidhoofika. Super Volcano ilipata umaarufu Tanzania na Kenya, na wimbo "Shida" ukawa miongoni mwa nyimbo zake zilizopendwa zaidi.

Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979 baada ya ajali ya gari mjini Mombasa, Kenya, akiwa na umri wa miaka 34. Baada ya kifo chake nyimbo zake zilitolewa tena katika mfululizo wa santuri ulioitwa "Ukumbusho". Super Volcano haikuweza kurudia umaarufu iliokuwa nao chini yake.

Uongozi na uhai wa bendi

Historia ya bendi hizi tatu inatoa picha tofauti za kupokezana uongozi. Cuban Marimba ilimpoteza kiongozi kwa kifo, ikapata mrithi. Morogoro Jazz ilimpoteza mtunzi wake mkuu akiwa hai, na ingawa ilikuwa na umri wa karibu miaka 30, haikupata wa kuziba pengo. Super Volcano iliundwa kumzunguka mtu mmoja, na ilidumu kwa nguvu zake kwa takriban miaka 6 tu.

Viongozi wawili kati ya watatu walikufa kutokana na ajali za barabarani. Kusafiri kulikuwa sehemu ya kazi ya mwanamuziki wa dansi, na gari lililomfikisha kwa wasikilizaji lilikuwa pia hatari kwake.

Urithi

Nyimbo za Salum Abdallah, Juma Kilaza na Mbaraka Mwinshehe bado husikika katika vipindi vya redio vya "zilipendwa", na bendi za vizazi vya baadaye zimeendelea kuzipiga. Baadhi ya rekodi za Cuban Marimba na za Mbaraka zimetolewa upya kwenye CD. Kwa kuwa nyimbo nyingi hazikuandikwa kwa nota, rekodi hizo ndizo njia kuu ya kujua namna kila kiongozi alivyopanga magitaa, sauti na ala za upepo katika bendi yake.