Majina ya Akaunti za Mfumo

Akaunti ya mfumo ni akaunti ya kompyuta isiyomilikiwa na mtu. Hufunguliwa na mfumo endeshi, au na programu inaposakinishwa, ili huduma kama seva ya wavuti au ya barua pepe iendeshwe kwa ruhusa zake yenyewe. Huduma hiyo ikivamiwa, mvamizi hapati zaidi ya kile ilichoruhusiwa kugusa. Kwa kawaida akaunti hizi hazina nywila.

Katika Unix na jamaa zake, kiini cha mfumo hutambua watumiaji kwa namba. Jina huunganishwa na namba katika faili la /etc/passwd, na 0 ni ya root, mwenye mamlaka yote. Mfumo wa Debian umetenga 0 hadi 99 kwa akaunti zisizobadilika, 100 hadi 999 kwa zile zinazofunguliwa wakati wa kusakinisha programu, na watu huanzia 1000. Namba, basi, zina mipaka yake. Majina ya watu na ya huduma yamechanganyika katika orodha moja, na mgongano huanzia hapo.

Majina ya kale ni mafupi na ya kawaida mno: bin, man, news, games, lp. Ofisi inayowapa watumishi majina kwa herufi zao za mwanzo itampeleka mtu wa L na P kwenye akaunti ya uchapishaji. Hatari zaidi ni programu mpya kukuta jina inalolitaka tayari lina mwenyewe. Hati ya usakinishaji isipoandikwa kwa uangalifu, huduma itaendeshwa kwa akaunti ya mtu huyo na kuweza kusoma mafaili yake ya siri.

OpenBSD ilichagua dawa nyepesi, na kwa hakika ndiyo bora: jina la huduma huanza kwa kistari cha chini, kama _ntp na _syslogd. Apple ilifanya vivyo hivyo katika Mac OS X 10.5 ya mwaka 2007, ambapo www ikawa _www. Huko Debian baadhi ya watunza programu walitanguliza jina la mradi wenyewe, wakapata Debian-exim. Herufi kubwa ilikwenda kinyume na kanuni ya amri ya adduser, na urefu nao ukawa kero, kwa kuwa amri ya ps huonyesha herufi chache tu na kulikata jina likasomeka “Debian-+”. Sera ya Debian sasa inapendekeza kistari cha chini, kama katika _apt. Kwa kuwa adduser hutaka jina la mtu lianze kwa herufi ndogo, mgongano hauwezi kutokea kwa bahati mbaya. Hata hivyo www-data, akaunti ya seva ya wavuti, imebaki. Imeandikwa katika mipangilio ya seva nyingi mno kuweza kubadilishwa.

Windows ina shida nyingine. Majina ya akaunti zake hutafsiriwa kwa lugha ya toleo lililosakinishwa, hata SYSTEM ikawa Système katika Kifaransa. Hati makini hutumia kitambulisho S-1-5-18, kisichobadilika.

Kiwango cha POSIX huruhusu herufi, tarakimu, nukta, kistari cha chini na kistari cha kawaida. Hiki cha mwisho hakiruhusiwi kutangulia, maana amri zingekidhania kuwa ni chaguo. Nukta inaruhusiwa lakini ni ya kuepukwa, kwani zamani amri ya chown iliitumia kutenganisha mtumiaji na kundi. Tarakimu mwanzoni ni balaa zaidi. Mwaka 2017 iligundulika kwamba systemd, programu inayoanzisha huduma katika Linux, ikikuta jina kama 0day katika faili la huduma, ililihesabu kuwa si halali, ikaupuuza mstari mzima na kuiendesha huduma hiyo kama root. Kosa la jina liligeuka kuwa zawadi ya mamlaka yote, jambo lisilokubalika katika programu ya msingi kiasi hicho. Baadaye ilirekebishwa ili jina lisilokubalika liizuie huduma kuanza.