Duka na reli: Ni nani aliyewalisha wafanyakazi?

RELI ya Uganda haikuwahi kufika Homa Bay wala Migori. Hata hivyo, asili ya maduka ya maeneo hayo haielezeki pasipo kuitaja, kwa kuwa chumvi, sukari, nguo na mafuta ya taa vilifika huko kwa meli za reli hiyo, na wauzaji wake wa kwanza walifuata njia iyo hiyo.

Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mnamo Desemba 1901. Zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliletwa kutoka India, wengi wao wakiwa wenyeji wa Punjab. Mkataba ulikuwa wa miaka mitatu, ujira ukiwa takriban rupia 15 kwa mwezi pamoja na chakula.

Chakula hicho ndicho kilichokuwa kitendawili. Nyika ya Taru haikuwa na masoko, na ukame wa 1898 na 1899 ulileta njaa kubwa Ukambani na Kikuyu. Mchele, unga, dengu na samli vililazimika kuagizwa kutoka ng'ambo. Mfanyabiashara A. M. Jeevanjee alipewa kandarasi za kuleta vibarua na vyakula. Alidina Visram, aliyeanzia biashara yake Bagamoyo, alifungua maduka kando ya reli kadiri ilivyosonga mbele, hadi Kisumu na Uganda.

Hivyo serikali ya kikoloni iliacha sehemu kubwa ya ugavi mikononi mwa wafanyabiashara. Muungano wa Kisovieti ulichukua njia tofauti. Kuanzia mwaka wa 1932, idara za ugavi wa wafanyakazi ziliundwa ndani ya viwanda na mashirika, yakiwemo ya reli, na mabehewa yaliyogeuzwa kuwa maduka yalipeleka bidhaa kwenye stesheni ndogo. Lakini msaada huo ulikuwa pia hatamu: katika miaka ya mgao, aliyefutwa kazi aliweza kupoteza kadi yake ya chakula.

Katika Afrika Mashariki, alama ya mfumo wa mgao ilibaki katika lugha. Neno "posho", lililomaanisha chakula alichopimiwa mfanyakazi, nchini Uganda limekuwa jina la ugali wenyewe.

Kutoka Kisumu, meli ziliipeleka biashara kusini. William Mackinnon, iliyosafirishwa vipande vipande kutoka pwani, ilishushwa majini mwaka wa 1900. Winifred na Sybil zilifuata. Kendu Bay, Homa Bay na Karungu, ambayo leo imo katika Kaunti ya Migori, zikawa bandari za wilaya iliyoitwa Kavirondo Kusini. Meli zilishusha nguo, sukari na majembe, zikapakia ngozi, simsim, mahindi na baadaye pamba. Maduka ya Wahindi yalichipuka karibu na gati, yakiwahudumia makarani, wapagazi, wakulima na wavuvi bila kubagua.

Mambo mawili yaliubadilisha mtandao huo. Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka wa 1967 iliwazuia wasio raia kufanya biashara katika maeneo mengi ya mashambani, na Waasia wengi wakahama miji midogo. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka wa 1977, na shirika la pamoja la reli, lililomiliki meli za ziwani, likagawanywa. Malori yakitumia barabara ya Kisii, Migori na Isebania yalichukua nafasi ya meli.

Katika mifumo yote miwili, wa Kisovieti na wa kikoloni, swali la mfanyakazi lilikuwa moja: mshahara una thamani gani iwapo mahali pa kuutumia ni pamoja tu? Kusini mwa Nyanza, ambako meli zilileta bidhaa na kuchukua mavuno, angalau mnunuzi alikuwa pia muuzaji.