Njia ya Bagamoyo haikuishia Ujiji



Wengi wetu tulikaa Tanzania miaka mingi, lakini tuliona kambi tu: Nyarugusu, Lugufu, na ile barabara ya Kigoma. Bahari hatukuiona. Mwaka jana nilifika Dar es Salaam kutafuta bidhaa, na siku moja nikapanda basi mpaka Bagamoyo, kama kilomita 70 upande wa kaskazini. Nilienda kutembea tu, kama vile watalii wanavyofanya. Lakini kule nilikuta habari za kwetu.

Bagamoyo ni mji mdogo wa pwani, na mambo ya kuona ni mengi. Kuna Kaole, magofu ya misikiti na makaburi ya mawe yenye yalianza karne ya 13. Kuna Ngome Kongwe, na boma la Wajerumani, juu Bagamoyo ilikuwa makao yao makuu mpaka 1891, walipohamia Dar es Salaam. Kuna pia jengo la misafara, mahali wapagazi walifikia na mizigo ya pembe za ndovu. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi wenye kufanya kazi ya mshahara. Wengine walifika wakiwa watumwa, wakapitishwa kwenda Unguja. Jina la mji linaelezwa kwa njia mbili: mpagazi anatua mzigo na moyo unapumzika, au mtumwa anauacha moyo wake pale, juu hatarudi tena. Nilimwuliza mzee mmoja pale sokoni, ni gani iliyo ya kweli? Akanijibu: “Mwanangu, inategemea wewe ulikuja na mzigo au ulikuja na mnyororo.”

Mahali nilikaa sana ni kwenye misheni. Mapadri wa Roho Mtakatifu waliifungua 1868, na walikuwa wakinunua watoto watumwa ili kuwapa uhuru na kuwalea katika kijiji chao. Pale ndipo maiti ya Livingstone ililala usiku mmoja, mwezi wa pili 1874, kabla ya kuvushwa Unguja. Watu wake, akina Chuma na Susi, walikuwa wameibeba kwa miguu miezi mingi, toka inchi yenye leo ni Zambia.

Wageni wanapiga picha pale na kwenda zao. Mimi nilifikiri Nyangwe. Munajua Nyangwe iko kwetu, Maniema, kando ya Lualaba. Livingstone alikuwa pale tarehe 15 mwezi wa 7, 1871, siku ya soko, wakati watu wa wafanyabiashara walipowapiga risasi wanawake wenye kuuza samaki na mihogo. Wengi waliruka mtoni wakazama. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone akaiandika, akarudi Ujiji, na Stanley, mwenye alikuwa ametokea Bagamoyo kumtafuta, akamkuta pale na kuzichukua barua zake mpaka Ulaya. Mwezi wa 6 wa 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa. Barua zile hazikuwa sababu pekee, lakini zilisaidia. Kwa hiyo damu ya mama zetu wa Nyangwe imo ndani ya historia ile ya pwani, hata kama majina yao hayakuandikwa.

Sasa sikieni jambo lililoniuma. Mwaka 2006 Tanzania ilipeleka UNESCO orodha ya vituo vya njia ile ya watumwa na pembe: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara, Ujiji. Kama kilomita 1,200. Orodha inaishia kwenye maji ya ziwa. Hatuwalaumu, inchi haiwezi kuandikisha vituo vya jirani. Lakini msafara haukuishia Ujiji. Ulivuka ziwa mpaka Mtowa, karibu na Kalemie, ukaendelea mpaka Kasongo, makao ya Tippu Tip, na Nyangwe. Kwa njia hiyo Kiswahili chenyewe kilitufikia, kile kilichoitwa Kingwana. Hata Fizi ina sehemu yake: huko Kibanga, Mapadri Weupe walifungua misheni 1883 na kukusanya watoto waliokombolewa, sawa na Bagamoyo. Ni nani kati yetu amekwisha kupeleka watoto wake kuona?

Ninasema hivi kwa sababu watoto wetu waliozaliwa kambini wanauliza: “Papa, sisi ni watu wa wapi?” Kule waliitwa Wakongomani. Hapa wanaitwa watu wa Tanzania, na kwenye maneno ya mashamba jina hilo linaweza kumpotezea mtu uwanja wa babu yake. Mtoto asiyejua habari za mahali pake atajibu nini?

Wale waliopelekwa pwani zamani hawakurudi. Sisi, kuanzia 2005, tulipanda meli Kigoma na kushuka Baraka. Tulivuka ziwa lile lile, lakini sisi tulikuwa tunarudi. Hiyo si neema ndogo, na inatudai kitu.

Ombi langu kwa komite ni dogo. Hatuna uwezo wa kujenga makumbusho. Kila kikundi kinunue daftari moja, na vijana wenye kujua kuandika waketi na wazee: kijiji kilikuwa wapi, njia ilipita wapi, nani alichukuliwa, nani alibaki, mpaka wa shamba ni mti gani. Ndugu wafadhili, mukituuliza mahitaji, pamoja na mbegu na mabati, muandike na daftari. Wazee wetu hawatatungoja.