Kaboni ngumu: Ngao ya chuma ndani ya maji

UTANDO wa kaboni ngumu ni tabaka jembamba, aghalabu la mikroni chache tu, linalowekwa juu ya chuma ili kupunguza msuguano na uchakavu. Sol Aisenberg na Ronald Chabot waliuelezea nchini Marekani mwaka 1971, wakaulinganisha na almasi.

Umuhimu wake hudhihirika katika pampu za kuzamishwa visimani, mfano wa zile zinazotumika viungani mwa Eldoret. Beringi za mhimili wake aghalabu hulainishwa na maji yale yale yanayovutwa. Lakini maji yana mnato mdogo kuliko mafuta, hivyo nyuso hugusana kila pampu inapowashwa. Chuma kikavu kikisuguana na chuma, kipimo cha msuguano hukaribia 0.6, kaboni ndani ya maji huweza kushuka chini ya 0.1.

Hata hivyo, tundu dogo latosha kuuharibu. Maji yakipenya hadi kwenye chuma, kutu hutambaa chini kwa chini na utando hubanduka. Ndiyo maana watengenezaji hutanguliza tabaka la kromiamu au hutumia chuma kisichoshika kutu. Vinginevyo, fundi hulazimika kuing'oa pampu kisimani, na wenyeji hukosa maji.