Glayeli ya pori: ua la kwetu ambalo moto hauliui

Mu majani marefu ya mashariki ya Congo, mvua inaporudi, glayeli ya pori (Gladiolus dalenii) inatoa maua ya rangi ya machungwa yenye manjano ndani. Inaweza kupita metre 1. Ndege chozi njo wanabeba chavua yake, wakifyonza utamu.

Moto wa kiangazi unaunguza majani, lakini kitunguu kiko chini ya udongo, kinabaki kizima. Hatari kubwa njo jembe: kitunguu kikichimbwa, ua halirudi.

Mwenye kutaka kuipanda nyumbani achukue mbegu zilizokauka, ama vitunguu vidogo vya pembeni, kile kikubwa kibaki. Kitunguu kinaingia sentimita 8 hadi 10, penye jua, mahali maji hayatuami. Mbegu inaomba uvumilivu: miaka 2 ama zaidi mbele ya ua la kwanza.

Glayeli za kununua, zile za ndoa na matanga, nyingi ni za ukoo wake. Mu 1841, Louis van Houtte wa Gand, Ubelgiji, alianza kuuza glayeli iliyochanganywa na hii ya Afrika. Lile la duka lina bei. Mzazi wake anakanyagwa kando ya njia.